Klabu za Sekondari ya Kata: Anza na Ratiba, Majina Baadaye

Mwalimu uliyepangiwa sekondari ya kata, na kabla hujamaliza kupanga vyombo mkuu wa shule akakwambia "wewe utakuwa mlezi wa klabu", haya ninayoandika ni kwa ajili yako. Mimi nimelea klabu kwenye shule ya kutwa kule Mbozi, mkoani Songwe, katikati ya kahawa na mahindi, na baadaye nikawa nasaidia walimu wa shule za jirani kufanya hivyo hivyo.

Anza kwa kusoma ubao wa matangazo. Utakuta orodha ndefu: Mazingira, Malihai, Fema, Wapinga Rushwa, Skauti, Afya, Midahalo, klabu ya kila somo, halafu vyama vya dini, UKWATA, TYCS, TAMSYA. Kisha waulize wanafunzi, si walimu, ni zipi zimekutana mwezi huu. Vyama vya dini vitakuwa vimekutana. Vina siku yao ambayo haiguswi na mtu, vina nyimbo, na kuna katekista au ustadhi anayesubiri. Nyingi kati ya zilizobaki zinamsubiri mthibiti ubora. Akija, kadi za wanachama zinatolewa kabatini, akiondoka, zinarudi.

Tatizo mara nyingi si fedha wala si uvivu wa watoto. Ni saa. Shule ya bweni inaweza kukusanya wanafunzi saa kumi jioni bila neno. Ya kutwa ikigonga kengele saa nane na nusu, mtoto ana kilomita sita au nane mbele yake, na nyumbani kuna ndoo inamsubiri, hasa akiwa msichana. Kahawa ikianza kuiva, hata wavulana wanahesabiwa shambani. Wale waliopanga mageto karibu na shule, ambao ungedhani wana nafasi, ndio wanaotafuta kuni na kupika ugali wenyewe. Ukimshikilia binti mpaka saa kumi na moja wakati wa masika, giza litamkuta njiani, na mama yake akija shuleni kugomba ana haki.

Kwa hiyo, kabla hujaita kikao cha wanafunzi, nenda kwa mwalimu wa taaluma ukaombe vipindi viwili vya mwisho vya siku moja katika wiki, viandikwe kwenye ratiba. Atakwambia silabasi haijaisha. Ni kweli haijaisha, haijawahi kuisha. Usimpe hotuba ya vipaji. Mwambie Kidato cha Kwanza wametoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili, sasa wanasomeshwa kwa Kiingereza, na mahali pekee watakapofungua mdomo bila kuogopa alama ni klabu. Hoja hiyo huwa inaingia.

Ukipata saa, anzisha klabu mbili tu: moja ya kusema, nyingine ya mikono. Wachache wakitosha, wametosha. Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira ambao leo uko nchi nyingi, ilianza mwaka 1991 Dar es Salaam kwa Jane Goodall na wanafunzi 12.

Midahalo ndiyo niliyoipenda zaidi, na ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi. Tunawalazimisha Kiingereza siku ya kwanza, basi mwanafunzi anakariri salamu ya mwenyekiti, katibu na mtunza muda, anaitema yote kwa pumzi moja, na akimaliza salamu na hoja imeisha. Sisi tulibadili mpango. Mada inatangazwa Ijumaa, wiki inayofuata inajadiliwa kwa Kiswahili, na wiki ya pili mada ile ile inarudi kwa Kiingereza. Wiki ya pili mtoto hahangaiki tena na la kusema. Anatafuta maneno tu, na rafiki zake wanamnong'oneza.

Kuhusu mada zenyewe, "Elimu ni bora kuliko pesa" naomba ipumzike. Imetumikia taifa vya kutosha. Chukua jambo linalogombaniwa nyumbani kwao. Kwetu ilikuwa kama mkulima auze kahawa yake kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, asubiri malipo, au amuuzie mnunuzi wa mtaani apate fedha leo. Mvulana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye darasani hakuwa anasikika, alisimama na hesabu alizoandika kiganjani kwa kalamu: kilo za kahawa ya maganda walizopeleka kwao, makato, siku waliyolipwa, na ada ya dada yake iliyokuwa ikidaiwa wakati huo huo. Mtunza muda aligonga kengele, wasikilizaji wakapiga kelele aachwe amalize. Upande wa utetezi, waliosimamia AMCOS, ulishindwa siku hiyo, na wiki iliyofuata walikuja na daftari la makato kutoka kwa baba wa mmoja wao. Sikuwafundisha utafiti, walitaka kushinda.

Wasiopenda kusema wape kazi halisi. Katibu wa midahalo anaandika hoja za pande zote mbili kwenye kaunta buku, na mkutano unaofuata haufunguliwi mpaka asome. Wengi wa makatibu wangu walikuwa wasichana walioingia kwa kukataa kuongea. Baada ya muda walianza kusahihisha wasemaji.

Klabu ya mikono kwetu ilikuwa kitalu cha miche. Miti ya kawaida si migumu, ila parachichi ndizo zilizotuletea wazazi. Afisa ugani alitufundisha kubebesha: mche wa kienyeji unakatwa kichwa, unapasuliwa katikati, kikonyo, yaani kitawi kichanga, cha parachichi aina ya Hass kinachongwa kama kabari na kuingizwa, kisha unafunga kwa ukanda wa nailoni, kwa nguvu kiasi, hewa na maji visipite. Ganda la kikonyo likose kukutana na ganda la mche hata upande mmoja, kimekufa. Wanafunzi wenye vidole vyepesi walijulikana siku hiyo, na hawakuwa wale wa namba moja darasani.

Hapa kalenda inaua vitalu vingi. Likizo ya katikati ya mwaka huanza Juni, na kwetu Juni ni kiangazi na baridi. Miche ikiachwa bila mtu, mkirudi Julai mnakuta viriba vya udongo mkavu. Miche ya miti panda Julai shule inapofunguliwa, ili iwe tayari mvua zikishika mwishoni mwa mwaka. Ya parachichi inakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo panga zamu ya wanaoishi karibu, iandikwe, na mzazi wa kila mmoja aambiwe. Asipoambiwa, atasema mnamtumikisha mtoto wake. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 wazazi wameona mashamba ya shule ambayo mavuno yake hayakujulikana yalikwenda wapi, sasa usishangae wakiuliza. Kila mche ukiuzwa, bei na jina la mnunuzi viandikwe ubaoni, mahali ambapo hata mgeni anasoma. Fedha za kwanza zinunue kitu cha klabu chenyewe. Sisi tulinunua mabomba ya kumwagilia.

Kabla ya kuota safari ya mbugani, angalia kilicho karibu. Kimondo cha Mbozi kiko Ndolezi, chuma chenye nikeli kidogo, uzito unaokadiriwa kuwa zaidi ya tani kumi, na wengi wa wanafunzi wetu walikuwa hawajawahi kukigusa. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930, ingawa wenyeji walikijua zamani. Upande mmoja kina mkato, pale kipande kilipokatwa kwa msumeno kikachunguzwe. Binti mmoja alitumbukiza vidole mle akauliza kukata chuma hicho kwa mkono kunachukua muda gani. Mwalimu wa fizikia alipata kazi ya mwezi mzima.

Mitandao mikubwa, kama Malihai au maonyesho ya Young Scientists Tanzania, waandikie klabu ikishakuwa na kitu cha kuonyesha. Kuanza kwa kusubiri fulana za ufadhili ni kupoteza muhula.

Jambo la mwisho ni uongozi. Kidato cha Pili na cha Nne wote wana mitihani ya taifa Novemba, hivyo kuanzia Septemba klabu inabebwa na Kidato cha Kwanza na cha Tatu. Fanya uchaguzi Julai. Mwenyekiti atoke Kidato cha Tatu, naibu wake Kidato cha Kwanza, na viongozi wa zamani wabaki washauri wasio na kazi ya kila wiki.

Na wewe tafuta mlezi wa pili mapema, kwa sababu barua ya uhamisho haitoi taarifa. Usimchague mwalimu mgeni mwenzako. Kwetu alikuwa mlinzi wa shule, mzaliwa wa kijiji, aliyejua nani ana pampu, nani ana miche ya kienyeji, na baba yupi usimwendee asubuhi. Kitalu kilimwona yeye zaidi kuliko mimi, na nilipohamishwa zamu ya kumwagilia haikubadilika.