Kabla ya Kuvuta Tela Katika Nyika ya Kimberley

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Perth na tumepewa likizo ya wiki tatu mwezi Aprili. Tunakusudia kukodi gari na tela la kulala, tupite Barabara ya Gibb River huko Kimberley, kaskazini mwa Australia Magharibi, kisha turudi kusini kwa Canning Stock Route. Je, mpango huu unawezekana, na tubebe mafuta na maji kiasi gani?
Msomaji, Perth

JIBU: Ndugu msomaji, Canning iacheni kabisa safari hii. Njia hiyo ya kuswagia ng'ombe, aliyoipima Alfred Canning kuanzia mwaka 1906, ina urefu wa takriban kilomita 1,850 kati ya Wiluna na Halls Creek, hukatiza mamia ya matuta ya mchanga, na huhitaji kibali cha wenyeji wenye ardhi. Tela linalovutwa juu ya matuta hayo huzama, humaliza mafuta, na mara nyingi huvunjika mahali ambapo hakuna wa kulikokota.

Barabara ya Gibb River, yenye kilomita zipatazo 660 kutoka Derby kuelekea Kununurra, inawafaa, ila si mwezi Aprili. Masika ya huko huwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa kawaida barabara hufunguliwa mwezi Mei. Anayeingia ikiwa imefungwa hutozwa faini. Ombeni likizo isogezwe hadi Juni, wakati maporomoko bado yana maji na mito imepungua. Kumbukeni pia kwamba kutoka Perth hadi Derby ni zaidi ya kilomita 2,200, kwa hiyo siku kadhaa za likizo zitaishia kwenye lami.

Kabla ya kulipia gari, someni mkataba wa kukodi neno kwa neno, kwa kuwa mikataba mingi hukataza barabara zisizo na lami au hukataa kulipia gari lililoharibiwa na maji ya mto. Iwapo mwenye gari anasema kwa mdomo tu kwamba hakuna tatizo, tafuteni mwingine.

Mafuta hupatikana Mount Barnett, karibu nusu ya njia, lakini msipige hesabu kwa ulaji wa mjini: gari linalovuta tela hula zaidi sana, na kila mchepuko wa kwenda kwenye makorongo huongeza kilomita. Wekeni akiba ya theluthi moja juu ya hesabu yenu. Maji ya kunywa yawe lita 5 hadi 7 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na ya siku kadhaa za ziada, na yagawanywe katika madumu ndani ya gari, kwa sababu tangi lililo chini ya tela ndilo la kwanza kutobolewa na mawe.

Barabara yenyewe imejikunja kama bati, na mtikisiko huo hulegeza nati na kuchosha springi za tela kuliko mashimo makubwa. Punguzeni upepo wa matairi kwa karibu robo, endesheni polepole, na kila jioni kagueni viungio vya tela. Tairi za akiba ziwe mbili, na ya tela isisahaulike.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kuvuka mto Pentecost. Ushauri wa kawaida kwa madereva, yaani kushuka na kupima kina kwa miguu, haufai hapo hata kidogo, kwa kuwa mto huo una mamba wa maji ya chumvi. Subirini gari jingine livuke mbele yenu mpate kuona kina, tumieni gia nzito za chini, wala msibadilishe gia katikati ya maji.

Simu ya kawaida haishiki sehemu kubwa ya njia. Chukueni simu ya setilaiti na kifaa cha dharura cha megahezi 406 kilichosajiliwa na mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, kisha mwachieni ndugu ratiba yenye siku ya kutoa taarifa iwapo hamjafika. Gari likikwama, kaeni nalo, kwani rubani huliona gari upesi kuliko mtu anayetembea.