Jiwe Jeusi la Mzee wa Zamu

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama maswali tunayowauliza wenzetu kazini yamewahi kutatua tatizo la kiufundi. Kwangu yamewahi, ila ninajibu kwa aibu kidogo, kwa kuwa mwenye jibu nilikuwa nikimpa shikamoo kila asubuhi kwa wiki tatu bila kumuuliza lolote.

Nilikuwa fundi mitambo wa mradi mdogo wa maji kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Pampu yetu ilifyonza maji mtoni vizuri tangu asubuhi, lakini alasiri za siku fulani fulani mshale wa geji ulianza kuchezacheza, pampu ikanguruma kama iliyotiwa kokoto, na tangi la kijijini likabaki nusu. Mimi na mhandisi mwenzangu tulibadilisha impela, yaani gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji, tukabadilisha sili ya kuzuia kuvuja, tukashuku hata umeme. Tuliulizana mengi, lakini yalikuwa maswali ya watu wawili waliosoma kitabu kimoja.

Siku moja, nikiwa nasubiri kipuri, nilimuuliza mzee wa zamu anayewasha na kuzima pampu kwamba ile sauti huanza saa ngapi. Hakutaja saa, alitaja mfongo, yaani mfereji wa kupeleka maji mashambani. "Fundi, huanza siku ya watu wa mfongo wa juu. Wakishafungulia maji yao, jiwe lile hutokeza." Akanionyesha jiwe jeusi, hatua mbili kutoka mdomo wa bomba letu.

Maji yalipokosa kina, yalizunguka juu ya mdomo wa bomba na kuvuta hewa, na pampu ya aina ile ikishika hewa hupoteza nguvu hata ukiifunga impela mpya kila wiki. Tuliuhamishia mdomo wa bomba penye kina, tukaweka sahani ya chuma juu yake ili kuzuia maji yasizunguke, kisha tukaomba ratiba ya zamu za mfongo.

Wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 1978 William LeMessurier, mhandisi wa jengo la Citicorp la ghorofa 59 jijini New York, aliulizwa na mwanafunzi kuhusu nguzo zilizosimama katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe. Katika kurudia hesabu aligundua kwamba upepo unaopiga jengo kimshazari huongeza mzigo kwa asilimia 40 kwenye baadhi ya vyuma vya kulikaza. Na wenzake wa ofisini walikuwa wamekwisha kumwambia, katika mazungumzo ya mradi mwingine kabisa, kwamba viungo vya vyuma hivyo vilifungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, hivyo vilikuwa dhaifu zaidi. Viliongezewa mabamba ya chuma, yakichomelewa usiku.

Mwanafunzi hakuombwa dawa, wala mzee wetu hakuombwa. Ningemuuliza "tufanyeje?", naamini angenijibu kwa heshima kwamba mafundi ni sisi. Daftari la pampu sasa lina safu ya ziada, ya zamu za mfongo na kina cha maji penye lile jiwe, na anayeijaza ni yeye.

Msomaji wenu, Moshi