Napenda ramani, nianzie wapi? Jibu langu kwa mdau

Mkuu, umesema unapenda ramani tangu shule, hela ya kozi huna, na unataka kujua data za kuaminika zinapatikana wapi na mikutano gani inafaa. Nipo kwenye hobi hii muda mrefu, ngoja nikupe ninavyoona mimi.

Usianze kwa kukusanya linki. Wageni wengi wanajaza linki kwenye simu na hata ramani moja hawajachora. Pakua QGIS, programu huria na ya bure ya kutengenezea ramani, halafu nenda Natural Earth, tovuti ya data za ramani za bure, uchukue mipaka ya nchi, mito na maziwa. Data zao zipo kwa skeli tatu: 1:10,000,000, 1:50,000,000 na 1:110,000,000. Kwa ramani ya dunia chukua hiyo ya mwisho, faili zake ni nyepesi. Ikishafunguka, weka kwanza projeksheni (namna ya kutandaza dunia duara kwenye karatasi) ya Mercator, kisha badilisha kwenda yoyote inayotunza ukubwa wa maeneo. Utaona Greenland ikinywea papo hapo. Afrika inaizidi takriban mara 14, ila kwenye Mercator zinakaribia kulingana. Ukiona tabaka lako (data ulizofungua) limeangukia baharini pale kwenye sifuri ya latitudo na longitudo, usihangaike sana, mara nyingi ni mfumo wa viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali, uliochaguliwa vibaya.

Ukihitaji milima, tafuta SRTM, vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000. Taswira za setilaiti: Sentinel-2 inafika mita 10 kwa kila nukta ya picha, na Landsat ina kumbukumbu tangu 1972. Zote bure.

Sasa mikutano. Kwangu mimi mapathoni, yaani watu kukutana na kuchora ramani pamoja, inashinda kongamano lolote. Missing Maps, mradi ulioanzishwa 2014 na mashirika ya misaada yakiwemo Madaktari Wasio na Mipaka, unakupa kipande cha ardhi ambacho hakijachorwa, nawe unachora nyumba na barabara juu ya picha ya setilaiti ndani ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Inaonekana kazi rahisi mpaka ukutane na jengo refu. Setilaiti haipigi picha wima kabisa, kwa hiyo paa linakuwa limeegemea upande. Fuata kingo za paa, kisha sogeza umbo lote hadi kwenye msingi wa nyumba. Pembe zikikaa kombo, ukiwa kwenye iD, kihariri cha OpenStreetMap, bonyeza Q zinanyooka. Na kabla ya yote hakikisha picha imelingana na barabara zilizokwisha kuchorwa, la sivyo mtaa mzima unahama. Baadaye mhakiki anapitia kazi yako na kukuandikia palipokosewa. Kozi gani ya bure inakupa mwalimu wa hivyo?

State of the Map, mkutano wa watu wa OpenStreetMap, ulianza Manchester 2007. FOSS4G ni wa programu huria za ramani kwa ujumla. Nauli na viingilio vinauma, na mihadhara mingi huwekwa mtandaoni, kwa hiyo tazama kwanza. Ukipata ufadhili, kimbilia warsha za vitendo, hotuba ziache. Ule wa Chama cha Kimataifa cha Wachora Ramani, kila baada ya miaka miwili, ni wa wanataaluma zaidi.

Novemba ndiyo mwezi wetu. Siku ya GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia) huangukia Jumatano ya tatu, na tangu 2019 kuna changamoto ya siku 30, kila siku ramani moja kwa mada iliyotangazwa. Si lazima umalize zote. Chagua mada zinazokutoa jasho.

Kama moyo wako uko kwenye ramani za kale, ingia mkusanyo wa David Rumsey, au Old Maps Online inayotafuta kwenye maktaba nyingi kwa mpigo. Pakua moja, ilinganishe na ramani ya leo kwa zana ya Georeferencer ndani ya QGIS. Alama za kulinganishia chagua madaraja ya reli, makanisa au makutano ya barabara kongwe, na uzitawanye hadi pembeni mwa karatasi. Kingo za mto usizitumie, mito inahama.