Maswali na majibu: Safari ya miguu katika nchi kavu ya bondeni

Jua la kiangazi linapokaza, watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huniuliza kuhusu kutembea kwa miguu kwenye mabonde ya joto yaliyo chini yetu: Isimani, Pawaga, Mtera, Usangu na Chunya. Haya ni maswali niliyoyapokea karibuni.

*Sisi ni vijana sita wa Mafinga. Tunataka kutembea kutoka Iringa mjini, kupitia Isimani na mteremko wa Nyang'oro, hadi Mtera, kwa siku nne za mwezi wa Oktoba. Kila mmoja atabeba chupa mbili za lita moja na nusu. Je, maji hayo yatatosha?*

Hayatatosha, vijana wangu, na ninawaomba mkae na hesabu kabla hamjafunga mizigo. Mtu anayetembea na begi katika jua la Oktoba anaweza kupoteza jasho la lita 1 kwa saa, na wengine hupoteza zaidi. Mkitembea saa 6 kwa siku na kunywa robo tatu ya lita kila saa, hizo ni lita 4 na nusu. Mkiongeza ya kupikia, ya jioni na ya usiku, mnakaribia lita 7 kwa kila mtu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo siku mbili bila chanzo cha uhakika ni kilo 14 mgongoni, kabla ya unga, sufuria na hema. Hakuna anayebeba mzigo huo kwa raha.

Kwa sababu hiyo safari kama yenu hupangwa kwa kufuata vituo vya maji, na kilometa huja baadaye. Wiki moja kabla ya kuondoka, wawili kati yenu wapande bodaboda, wasimame kila kijiji, waulize kama kisima kinatoa maji mwezi huu, kama pampu ni nzima, na ufunguo uko kwa nani. Swali la ufunguo msilidharau. Niliwahi kufika saa saba mchana kwenye bomba zuri la kijiji nikiwa na glasi moja tu ya maji, nikakuta kufuli limening'inia kwenye mnyororo na mwenye ufunguo yuko shambani hadi jioni. Kuanzia siku hiyo, mahali ambapo sina uhakika napo hutanguliza dumu la lita 20, nikaliacha kwa mwenye duka kwa malipo tunayokubaliana.

Kumbukeni pia kwamba ninyi ni watu wa baridi. Mafinga iko juu ya mita 1,800, na mwili unaolala chini ya blanketi mbili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto la bondeni, yaani safari yenu itakwisha kabla mwili haujajifunza kutoa jasho ipasavyo. Siku mbili za kwanza tembeeni nusu ya mwendo wenu wa kawaida. Anzeni alfajiri mara tu njia inapoonekana, kaeni kivulini kuanzia saa nne na nusu, na msiinuke hadi saa kumi alasiri. Pale Nyang'oro muwe waangalifu zaidi, kwa sababu mteremko humfanya mtu ajione ana nguvu, na anayelazimika kurudi hupanda mlima ule ule akiwa amekwisha kumaliza maji.

*Je, tukiishiwa maji tunaweza kuchimba kwenye mto wa mchanga kama wanavyofanya tembo?*

Inawezekana, lakini isiwe ndiyo mpango wenu wa safari. Msitegemee ramani inayochora mto kwa mstari wa buluu mwaka mzima: Ruaha Mkuu wenyewe, tangu mwaka 1993, umekuwa ukiacha kutiririka sehemu fulani kila kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayochotwa Usangu kwa kilimo cha mpunga. Ni jambo linaloniumiza kila ninapouona mchanga ule.

Mkilazimika kuchimba, tafuteni upande wa nje wa kona ya mto, penye matete mabichi au mchanga mweusi kidogo. Chimbeni hadi mchanga ushikamane mkononi, kisha mtulie. Maji huingia taratibu sana, kikombe kimoja baada ya kingine, na ya kwanza huwa na tope, yamwageni. Yanayofuata yachujeni kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, kisha yachemsheni hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa za mashambani, kwa hiyo msinywe maji ya mifereji ya mpunga hata yakichemshwa. Kisima cha mchanga kilichochimbwa na wafugaji kina wenyewe, nanyi ombeni kwanza. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hakuna kutembea bila askari mwenye silaha, na shimo la maji pale ni la tembo na simba kabla ya kuwa lenu.

*Je, tubebe kidumu cha ulanzi, pombe ya mianzi, badala ya maji?*

Hapana. Pombe huongeza mkojo na kupunguza akili, na vyote viwili ni hasara juani. Isitoshe, ulanzi mzuri ni wa masika.

*Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mbeya. Mwenzangu alianza kuongea maneno yasiyoeleweka tulipokuwa njiani Chunya, lakini jasho lilikuwa bado linamtoka, tukadhani ni uchovu tu. Ulikuwa ugonjwa gani?*

Mwalimu, shikamoo. Siwezi kumpima mgonjwa kwa barua, lakini mtu anayechanganyikiwa kwenye joto huhesabiwa kuwa na kiharusi cha joto hadi ithibitishwe vinginevyo, na jasho halimwondolei hatari hiyo. Wengi wamesubiri ngozi ikauke, wakachelewa. Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo huanza kuumia, kwa hiyo mgonjwa apozwe hapo hapo: alazwe kivulini, avuliwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila kukoma wakati gari linatafutwa. Hapa maji ya kunywa hutumika kumlowanisha, hata yakiwa ndiyo ya mwisho. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, na vidonge vya homa havisaidii.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo. Mtu aliyekunywa maji mengi mno bila chumvi naye huumwa kichwa, hutapika na huchanganyikiwa, kwa sababu chumvi ya damu imeshuka, na kumwongezea maji ni kumdhuru. Kwa hiyo ninyi mlio wazima kunyweni kwa kiu, mle chakula chenye chumvi, na kila mmoja awe na pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zisipopatikana, lita 1 ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

*Mwanangu anaondoka wiki ijayo na wenzake kuelekea Pawaga. Mimi niliyebaki nyumbani nifanye nini?*

Mama, mwombe akuandikie kwenye karatasi majina ya vijiji watakavyolala, usiku kwa usiku, pamoja na namba ya simu ya mtu mmoja katika kila kijiji. Mtandao hukatika njiani, kwa hiyo kimya cha mchana kisikutie hofu. Kubalianeni muda maalumu ambao lazima uwe umepata habari, kwa mfano saa mbili usiku. Ikipita, piga namba ya kijiji cha usiku huo, kisha ya kijiji walichotoka asubuhi, na uombe watu wa pikipiki wawatafute usiku huo huo, kabla jua la pili halijachomoza.