Niliongoza Uhasibu wa Fedha, Nikaangushwa na Uhasibu wa Usimamizi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji aliye katika mwaka wa kwanza wa chuo. Alinieleza kwamba katika uhasibu wa fedha, ule wa kuandaa taarifa kwa watu wa nje, alikuwa miongoni mwa wanaoongoza darasani, lakini jaribio la kwanza la utangulizi wa uhasibu wa usimamizi, ule wa kuwasaidia mameneja kufanya maamuzi, limemwangusha vibaya, na sasa anajiuliza kama aliache somo hilo kabla halijamharibia matokeo yake yote. Nilimjibu siku ileile kwamba asubiri, kwa sababu yaliyompata yamenipata mimi pia, na jibu la mistari miwili lisingemtosha.

Niliingia katika somo hili nikiwa na kiburi cha mtu ambaye mizania yake, yaani taarifa ya mali na madeni, haijawahi kukataa kulingana. Debiti na krediti, zile pande mbili za kila ingizo la hesabu, zilikuwa zimenikaa mkononi. Nilidhani uhasibu wa usimamizi ni ule ule niliouzoea, ila umeongezewa majina ya gharama, kwa hiyo niliyakariri majina hayo pamoja na fasili zake: gharama zisizobadilika (zinazobaki zilezile hata uzalishaji ukiongezeka), gharama zinazobadilika (zinazoongezeka kwa kila bidhaa), gharama mseto (zenye sehemu za aina zote mbili), gharama za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja. Ningeamshwa usiku wa manane ningezitaja zote kwa mpangilio. Kisha nikapata alama 38 kati ya 100.

Swali lililoniangusha ninalikumbuka mpaka leo. Kiwanda kinaweza kutengeneza viti 10,000 kwa mwaka, lakini kinatengeneza na kuuza viti 8,000 tu, kila kimoja kwa bei ya 90. Gharama zinazobadilika ni 50 kwa kila kiti, na gharama zisizobadilika, zote za kiwandani, ni 160,000 kwa mwaka. Anatokea mteja mgeni anayetaka viti 1,000 kwa bei ya 60. Je, kiwanda kikubali au kikatae?

Niligawanya 160,000 kwa 8,000 nikapata 20, nikaijumlisha na 50, nikapata gharama kamili ya 70 kwa kiti. Nikaandika kurasa mbili nzima nikieleza kwamba meneja yeyote mwenye akili timamu hawezi kuuza kwa 60 kitu kilichomgharimu 70. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja la kujumlisha wala la kugawanya, na jibu lilikuwa baya kabisa.

Mhadhiri aliporudisha karatasi alilisoma jibu langu mbele ya darasa. Hakutaja jina, lakini nilikuwa mtu pekee aliyeandika kurasa mbili, na kila mtu aligeuka kunitazama. Alisema kwamba mwandishi wa jibu hilo amehesabu kila kitu bila kuelewa alichokuwa akikihesabu. Sikatai kwamba alikuwa na haki ya kunisahihisha. Ninachosema ni kwamba kosa la mwanafunzi anayejitahidi linaweza kusahihishwa pasipo kumvua nguo mbele ya wenzake. Miaka imepita na bado jambo hilo linaniuma ninapolisimulia.

Kwa siku kadhaa sikufungua daftari la somo hilo. Nilipolifungua, niliacha fasili zote pembeni nikachora safu mbili kwenye karatasi. Ya kwanza niliiandika "bila oda": mauzo 720,000, gharama zinazobadilika 400,000, zisizobadilika 160,000, faida 160,000. Ya pili niliiandika "pamoja na oda": mauzo 780,000, gharama zinazobadilika 450,000, zisizobadilika 160,000, faida 170,000. Nilizitazama safu hizo kwa muda mrefu. Ile 160,000 ya gharama zisizobadilika ilikuwa imekaa pale pale katika safu zote mbili, haikusogea hata kidogo, na mimi nilikuwa nimeitumia kumfukuza mteja ambaye angeongeza faida ya 10,000. Ile 20 kwa kiti haikuwa ikitoka mfukoni mwa kiwanda kila kiti kipya kinapotengenezwa; ilikuwa ni matokeo ya mgawanyo wangu mwenyewe.

Nikaendelea kulichokonoa swali lile lile. Je, ingekuwaje kama mteja angetaka viti 3,000? Nafasi iliyobaki kiwandani ni ya viti 2,000 tu, kwa hiyo viti 1,000 vingebidi vipokonywe wateja wa kawaida, ambao kila kiti chao huacha 40 baada ya kutoa gharama zinazobadilika. Oda ingeleta 30,000 na kufukuza 40,000, na kwa bei ileile ya 60 jibu sasa lingekuwa kukataa. Na je, ingekuwaje kama wateja wa zamani wangesikia habari za bei hiyo na kudai kupunguziwa? Hapo nilitambua kwamba gharama haina jibu moja lililoandikwa usoni pake, na kwamba kabla ya kuigusa namba yoyote ni lazima nijue uamuzi unaohitaji namba hiyo. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba mwanauchumi wa Marekani, John Maurice Clark, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1923 kwamba madhumuni tofauti huhitaji gharama tofauti. Laiti mtu angeniambia hayo siku ya kwanza ya muhula, nisingepoteza wiki saba nikikariri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni huo: jiulize uamuzi ni upi. Wa pili ni kuchora safu mbili na kutazama kinachobadilika. Ukiniuliza wa tatu nitakurudisha kwenye ule wa kwanza, kwa maana sehemu kubwa ya muhula huu ni swali hilohilo likivaa mavazi mengine. Chukua kiwango cha mauzo ambacho kiwanda hakipati faida wala hasara. Wenzangu walikariri kanuni, nami nilijiuliza ni viti vingapi vyenye kuacha 40 kila kimoja vitakavyoweza kubeba 160,000. Ni viti 4,000, na kanuni inakuja yenyewe bila kukaririwa.

Chukua na bajeti. Kiwanda kilipanga viti 8,000 na gharama zinazobadilika za 400,000. Kikatengeneza 9,000 na kutumia 455,000. Ukilinganisha namba hizo mbili, utamwita msimamizi wa uzalishaji mbadhirifu wa 55,000. Lakini viti 9,000 vilistahili kutumia 450,000, kwa hiyo tofauti anayopaswa kuulizwa ni 5,000 peke yake. Unapotaka kujua kama mtu amefanya kazi vizuri, unampima kwa kazi aliyoifanya, hata kama mpango wa mwanzo wa mwaka ulisema jambo jingine.

Sehemu iliyonipa taabu kuliko zote, na ambayo leo naipenda kuliko zote, ni ile ya namna mbili za kukokotoa gharama ya bidhaa: moja huzitoa gharama zisizobadilika zote katika mwaka wake, nyingine huzigawa kwa kila bidhaa iliyotengenezwa. Tuseme kiwanda hicho kinaamua kutengeneza viti vyote 10,000 huku kikiendelea kuuza 8,000. Katika taarifa za fedha zinazotolewa kwa watu wa nje, kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 kinataka gharama zisizobadilika za uzalishaji ziingizwe katika thamani ya bidhaa. Kila kiti basi kinabeba 16 badala ya 20, na viti 2,000 vilivyobaki ghalani vinaondoka na 32,000 kwenda mwaka unaofuata. Faida inapanda kutoka 160,000 hadi 192,000, ilhali hakuna mteja mpya hata mmoja. Hakuna aliyeiba na kanuni haijavunjwa. Ila meneja anayelipwa kwa kigezo cha faida hiyo ana sababu ya kujaza ghala, na mhasibu asiyeliona hilo atampongeza. Usilipite fungu hili kwa haraka eti kwa kuwa linachukua kurasa chache.

Mtihani wa mwisho nilipata 91, alama ya juu kuliko zote darasani mwaka ule. Mhadhiri alinikabidhi karatasi bila kusema neno. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu siku ya kurasa mbili, na sikulipata; lakini leo kazi yangu ni ya gharama za uzalishaji, na wakuu wa idara huja mezani kwangu kabla ya kupanga bei. Ninajivunia jambo hilo na sitalificha.

Nimeona wanafunzi wengi wakilikimbia somo hili kwa sababu haliwapi raha ya kulinganisha pande mbili na kupiga mstari. Wanataka jibu lililo nyuma ya kitabu. Acheni tabia hiyo, ndugu zangu. Anayekariri kanuni ishirini bila kujua uamuzi unaotafutwa atachagua ile isiyohusika, kama nilivyochagua mimi, na ataitetea kwa kurasa mbili. Acheni pia kuwacheka wenzenu karatasi zinaporudishwa.

Nawe uliyeniandikia, usiliache somo. Rudi kwenye oda ya viti 3,000, ambayo kwa bei ya 60 inakitia kiwanda hasara ya 10,000 ikilinganishwa na kuikataa. Kwa bei ya 65 mambo yanageuka. Chora safu zako mbili, tafuta bei iliyo kati ya hizo ambayo kukubali na kukataa kunakiacha kiwanda pale pale, kisha nitumie kazi yako pamoja na maelezo ya kila namba uliyoiacha nje. Nitaisoma yote.