Maswali yenu: kamera kumfuata mtu hakumfanyi awe mwema

Leo najibu ya wahusika tu, ya "naipata wapi" sijibu. Na miisho naitoboa humu, kwahiyo kama hujamaliza Breaking Bad, Game of Thrones au Black Panther ruka mapema.

Hivi kuna mwanamke anakera kwenye sizoni kumzidi Skyler, mke wa Walter White wa Breaking Bad? Mume anahangaikia familia, yeye kazi yake kumsumbua tu.

Hili swali linarudi kila mara, maneno tu ndo yanabadilika, na kila mara naona muulizaji hakuangalia kwa makini. Walter White ni mwalimu wa kemia Albuquerque, anaambiwa ana kansa ya mapafu, anaanza kupika madawa ya kulevya. Sawa. Lakini sizoni ya kwanza tu Elliott, tajiri aliyeanzisha naye kampuni zamani, alimpa kazi yenye bima, na mkewe Gretchen akasema watamlipia matibabu, akakataa kwa kiburi. Shida ingekuwa familia, kesi ingeishia pale pale. Baadaye anasimama anamwangalia Jane, mpenzi wa mshirika wake Jesse, anapaliwa na matapishi mpaka anakufa na wala hamgeuzi, anampa mtoto Brock sumu, halafu episodi ya mwisho anamwambia Skyler kwa mdomo wake kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, alipenda, na aliiweza ile kazi. Amekiri jamani! Sasa wewe unamtetea kwa lipi?

Skyler ana mimba, mume anapotea, akirudi anamdanganya usoni, ulitaka asiulize? Ana makosa yake, la kutembea na bosi wake Ted ni kosa na kusafisha hela chafu ni kosa. Ila chuki ile ilivuka mpaka ikamfikia Anna Gunn aliyeigiza, na 2013 akaandika kwenye New York Times jinsi watu walivyomtukana hadi mmoja kutaka kujua yuko wapi amuue. Mwaka huohuo akachukua tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyohiyo.

Tumekulia vibanda umiza, mtafsiri akishasema huyu ndo stelingi basi kila anayemzuia ni adui. Kwenye muvi za ngumi sawa, lakini huku mwandishi anamfuata mtu mbaya makusudi ili tuone anavyooza taratibu. Na dada zangu, mwanaume anayekwambia uchafu wote anaufanya kwa ajili yako halafu hataki maswali, muogope.

Kwanini walimuua Ned Stark wa Game of Thrones mapema vile? Stelingi hafi!

Amekufa, episodi ya 9 sizoni ya 1, na kwenye kitabu cha George R. R. Martin alishakufa tangu 1996. Kile kifo ndo kilifanya tuogope kila upanga ulipochomolewa baada ya hapo.

Killmonger, adui wa kwenye Black Panther, hakuwa sahihi kweli?

Kuhusu Wakanda, ile nchi tajiri ya Kiafrika ya kwenye muvi, kujificha wakati watu weusi wanateseka duniani alikuwa na hoja, ndo maana mfalme T'Challa mwishoni anaenda kufungua kituo cha misaada Oakland, Marekani. Ila hoja hiyo alikuwa nayo jasusi Nakia tangu mwanzo. Lupita wetu aliyemuigiza anaingia kwenye muvi akiwa kazini Nigeria, kajichanganya na wanawake waliotekwa ili awaokoe, na hakuna anayeniandikia kumuulizia! Killmonger alimpiga risasi mpenzi wake mwenyewe ili amfikie Klaue, mwizi anayesakwa na Wakanda, akamkaba shingo mama mtunza mimea inayompa mfalme nguvu, akaamuru mimea yote ichomwe asije akapatikana mfalme mwingine. Mkombozi hachomi shamba la wale anaodai kuwakomboa. Michael B. Jordan kaigiza vizuri sana, msifieni yeye.

Daenerys wa Game of Thrones waliharibu, mtu anakuwaje kichaa ghafla?

Haraka ndiyo, ghafla hapana. Sizoni ya 8 ina episodi 6 tu, mambo yaliyohitaji muda yakakimbizwa, hapo waandishi nawalaumu na sitaacha kuwalaumu. Ila kwenye mji wa Meereen aliwasulubisha mabwana 163 wa watumwa kulipiza watoto wa watumwa waliosulubiwa, bila kuuliza nani alifanya nini, mpaka Hizdahr, mtoto wa mmoja wao, akaja kumwambia baba yake alikuwa anapinga watoto wale kusulubiwa. Tarly baba na mwana, mateka waliokataa kumpigia goti, aliwachoma kwa joka vita ikiwa imeshaisha. Mlishangilia kwasababu waliokuwa wanakufa hamkuwapenda, ilipofika zamu ya watu wa mtaani wa mji mkuu, King's Landing, ndo mkashtuka. Na tafadhali, ile sizoni usiiwashe sebuleni watoto wakiwepo.

T-Bag wa Prison Break mbona anapendwa hivi?

Robert Knepper anayemuigiza ni fundi. T-Bag mwenyewe ni mbakaji na muuaji, toa picha yake kwenye profaili.

Nitajie muvi kali.

Kali ya nini? Nimechoka na hili. Niandikie mbili ulizozipenda na moja uliyoizima katikati, ndo nitakujibu.

Sina muda, naweza kuangalia ule muhtasari wa dakika kumi nikaijua Breaking Bad?

Utajua nani kafa. Muhtasari utakwambia Jesse alimpiga risasi Gale, mpishi mwingine wa madawa, sekunde tatu imeisha, ila hutauona mkono unavyotetemeka na machozi kabla hajafyatua, na Jesse mzima yuko pale. Vince Gilligan mwenyewe, aliyeibuni sizoni hii, alipanga Jesse afe sizoni ya kwanza, akabadili mawazo alipoona Aaron Paul anavyomuigiza. Ziko episodi 62. Angalia mbili kwa usiku, simu iweke mbali, ukifika ya Gale niandikie.