Maswali ya Wasomaji: IPv6 kwenye ruta ya nyumbani

Habari za kazi, wahariri. Nyumbani nina faibari, na nyuma ya kasha la kampuni nimeweka ruta yangu mwenyewe, TP-Link Archer. Niliikuta IPv6 imezimwa. Nimeiwasha na kuhifadhi, lakini kwenye nafasi ya anwani panasomeka nukta tu, "::". Nimekosea wapi? Na nikifanikiwa, kasi itaongezeka?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Tuanze na la mwisho kwa kuwa ni fupi: kasi haiongezeki. Kasi ni ya kifurushi unacholipia, na IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani za intaneti unaorithi ule wa zamani wa IPv4, haikigusi.

Hizo nukta ni njia fupi ya kuandika anwani yenye sufuri tupu. Ruta inakwambia imeomba na haijapewa. Kuwasha IPv6 kwenye menyu ni kupiga hodi tu. Anayefungua ni kampuni inayokuuzia intaneti, na inachotakiwa kukupa ni fungu zima la anwani ambalo ruta italigawa kwa simu, kompyuta na televisheni. Bila fungu hilo, hangaika na menyu mpaka asubuhi, hutapata kitu.

Kwa hiyo piga simu huduma kwa wateja kwanza. Usiulize "mna IPv6?", maana waweza kujibiwa ndiyo, kumbe ni kwa wateja wa ofisi. Uliza hivi: laini yangu mimi ina IPv6? Inatolewa kwa PPPoE (kuingia kwa jina na nenosiri) au kwa DHCPv6 (ruta kupewa anwani yenyewe)? Fungu ninalopewa ni /56, /60 au /64? Namba hiyo kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo fungu linavyokuwa kubwa: /64 inatosha mtandao mmoja wa nyumbani, /60 mitandao 16, /56 mitandao 256. Anayepokea simu asipoelewa, omba uunganishwe na kitengo cha ufundi.

Kabla ya kuilaumu kampuni, tazama anwani ya IPv4 ambayo ruta yako imepata upande wa intaneti. Ikianza na 192.168, basi kasha la faibari nalo linafanya kazi ya ruta, na ruta yako inaliomba kasha badala ya kampuni. Kasha lenyewe likiwa limezimwa IPv6, au likiwa na /64 moja tu ambayo limeshaitumia, ruta iliyo nyuma yake haiambulii chochote. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba kasha liwekwe kwenye hali ya daraja, "Bridge", ili ruta yako ndiyo iongee na kampuni. Ya pili ni kuigeuza ruta yako iwe "Access Point": itatoa Wi-Fi tu na kupitisha chochote kinachotoka kwenye kasha. Hii ya pili ni rahisi zaidi, na kwa nyumba nyingi inatosha.

Ukishapata uhakika kwamba laini inayo IPv6, fungua tplinkwifi.net au 192.168.0.1, ingia "Advanced", kisha "IPv6". Kama IPv4 yako inaingia kwa jina na nenosiri la PPPoE, chagua PPPoE na uweke alama kwenye kipengele cha kutumia muunganisho uleule wa IPv4. Usipoiweka, ruta itajaribu kuingia mara ya pili kwa jina lilelile, na kampuni nyingi huruhusu mara moja tu. Kama huna jina wala nenosiri, chagua "Dynamic IP (SLAAC/DHCPv6)". Hakikisha "Prefix Delegation" imewashwa, kwa sababu hilo ndilo ombi la fungu. Usiguse "6to4": njia hiyo ilikuwa ya kupitisha IPv6 juu ya IPv4 kupitia vituo vya umma, na vituo hivyo vilitangazwa kustaafishwa mwaka 2015.

Upande wa ndani, LAN, chagua "SLAAC+Stateless DHCP". Ukichagua DHCPv6 peke yake kompyuta ya Windows itapata anwani, lakini simu za Android hazichukui anwani kwa njia hiyo. Zitabaki na IPv4 nawe utadhani zimeharibika. Hifadhi, zima vyote viwili, washa kasha kwanza, subiri taa ya PON, yaani ya faibari, iache kupepesa, ndipo uwashe ruta.

Kisha kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig` na usome mwanzo wa kila anwani. Inayoanza na fe80 haitoki nje ya nyumba. Kila kifaa hujitengenezea, hata intaneti ikiwa imekatika, kwa hiyo isikufurahishe. Inayoanza na fd nayo ni ya ndani. Unayoitafuta huanza na 2, na zinazotolewa na AFRINIC, wagawaji wa anwani za Afrika walioko Mauritius, mara nyingi huanza na 2c0f. Ukiiona, jaribu `ping -6 2001:4860:4860::8888`, kisha `ping -6 google.com`. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikagoma, njia ipo. Tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Wahariri, hamjambo? Natumia Starlink shambani. Nataka kutazama kamera nikiwa mjini, lakini fundi aliniambia haiwezekani kwa sababu ya CGNAT. Nimesikia IPv6 inatatua jambo hilo. Ni kweli?
*Msomaji, Nakuru, Kenya*

Fundi wako hakukudanganya. IPv4 nzima ina anwani takriban bilioni 4.3, na hazina kuu ya dunia iliishiwa Februari 2011. Tangu hapo kampuni nyingi huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hiyo ndiyo CGNAT. Dalili yake ni ruta kuonyesha IPv4 inayoanza na 100, ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127. Ukifungua mlango kwenye ruta yako, mlango mwingine ulioko kwa kampuni unabaki umefungwa, na huo huna ufunguo wake.

Kwa IPv6, Starlink hutoa fungu la /56, na kila kifaa hupata anwani inayofikika kutoka nje. Kikwazo ni ruta ya Starlink yenyewe: inazuia kila kinachoanzia nje, na haina mahali pa kuruhusu. Itakubidi uiweke kwenye "Bypass Mode" ndani ya programu yao na uunganishe ruta yako kwa waya. Ruta ya kizazi cha tatu ina matundu ya waya; ya kizazi cha pili inahitaji adapta inayouzwa kando.

Kabla ya kununua chochote, angalia mambo mawili. Je, kamera yenyewe inaijua IPv6? Nyingi za bei nafuu haziijui. Na je, laini ya simu utakayotumia mjini ina IPv6? Simu yenye IPv4 tupu haiwezi kuifikia anwani ya IPv6 hata kama shambani kila kitu kiko sawa.

Ushauri wetu ni kuiacha kamera ndani. Weka WireGuard, programu ya njia ya siri (VPN), kwenye ruta, fungua mlango huo mmoja tu, uingie shambani kupitia humo. Ukiwa ndani, hata kamera ya IPv4 itaonekana. Tumia pia jina la DNS linalojisasisha, kwa sababu fungu laweza kubadilika ruta ikizimika.

Tangu niwashe IPv6 Google inafunguka vizuri, lakini kurasa nyingine zinazunguka tu mpaka nakata tamaa. Nikiizima, zinarudi. Natumia PPPoE.
*Msomaji, Mwanza*

Hii ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi (kipande cha data) inayoweza kupita, karibu kwa hakika. PPPoE hula baiti 8, kwa hiyo paketi ya 1500 haipiti. Mwisho ni 1492. Kwenye IPv4 ruta za njiani zinaweza kuikata vipande paketi kubwa. Kwenye IPv6 haziruhusiwi: huitupa na kumtumia mwenye paketi ujumbe kwamba imezidi, kwa ICMPv6, njia ya kupeana taarifa za mtandao. Mtu akiwa amezuia ICMPv6 "kwa usalama", ujumbe haufiki, na ukurasa unasubiri paketi isiyokuja.

Ili kuthibitisha, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

`netsh interface ipv6 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1280 store=active`

1280 ndicho kipimo cha chini ambacho kila njia ya IPv6 lazima ikubali. Kurasa zikifunguka, umempata mchawi. Sasa ondoa kizuizi cha ICMPv6 kwenye ruta na uweke MTU ya PPPoE 1492. Ruta ikiwa na kipengele cha kurekebisha MSS (kipimo cha data ndani ya paketi), kiwashe. Amri tuliyokupa hufutika ukiizima na kuiwasha kompyuta.

Bila NAT, si kila mtu ataingia kwenye kompyuta zangu?
*Msomaji, Zanzibar*

NAT, yaani vifaa vingi kutumia anwani moja ya intaneti, haikuwahi kuwa mlinzi. Ilikuwa dawa ya ukosefu wa anwani. Mlinzi ni "IPv6 Firewall" au "SPI Firewall" ya ruta, inayokubali majibu ya ulichoomba na kukataa mengine. Ihakikishe imewashwa. Wa kuangalia zaidi ni mwenye ruta ya MikroTik aliyefuta mipangilio ya kiwandani: kanuni za IPv4 hazihusu IPv6, na `/ipv6 firewall filter` ikiwa tupu, kila kitu kinapita.

Ruta yangu ni ya laini ya simu. Nifanyeje?
*Msomaji, Arusha*

Fungua mipangilio ya APN (njia ya kuingilia intaneti ya mtandao wa simu) na ubadilishe aina kutoka IPv4 iwe "IPv4v6", kisha iwashe upya. Mitandao ya simu kwa kawaida hutoa /64 moja, kwa hiyo ruta ya pili utakayoiweka nyuma yake iwe "Access Point".